"Commence" ya Ofisini, "Start" ya Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya taipureta nzito katika ofisi ya kanju, yaani baraza la jiji la Nairobi, iliyosimamia nyumba za Pumwani, nikapewa notisi ya ukarabati wa vyoo. Niliandika kwa Kiingereza kwamba kazi ita-"start" Jumatatu. Karani Mkuu, mzee mkavu aliyefunga tai hata wakati wa joto, aliichana karatasi bila kukasirika.

"Andika 'commence'," akasema. "Ukiandika 'start', wapangaji watadhani tunawaomba ruhusa."

Vyoo vyenyewe havikuguswa Jumatatu hiyo wala iliyofuata, lakini notisi ilikuwa na heshima zake.

Ndivyo tulivyofunzwa sisi wapiga taipu. Kiingereza kina vitenzi kadhaa vya kuanza, na kila kimoja kina mahali pake. "Commence" huvaa suti: ni cha mikataba, mahakama na serikali. "Begin" ni cha mtu mstaarabu asiyetaka makuu. "Start" ni cha nyumbani na cha mitambo; hakuna dereva anaye-"commence" gari, hata awe wa waziri.

Kutoka kanju nilihamia shule moja ya Buruburu, kuwa sekretari wa Mwalimu Mkuu. Nilipompelekea barua ya wazazi iliyojaa "commence", aliniuliza kama tunawafungulia watoto shule au kesi. Tukakubaliana na "begin". Nilimpenda sana yule mama, na alipohamishwa nami sikukaa.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Shauri Moyo, kwenye biro, yaani ofisi ndogo ya kuchapa, ya mama tuliyemwita Madam. Wateja wetu walikuwa mafundi wa jua kali na wachuuzi wa soko la Gikomba, na kilichotupa ugali ni programu za mazishi: kile kijitabu chenye picha ya marehemu, nyimbo na wasifu wake. Wasifu sharti uwe wa Kiingereza, hata kama nusu ya waombolezaji hawakielewi. Ndivyo watu wetu wanavyompa marehemu heshima. Madam alikuwa na sheria moja. Kabla hatujachapisha, atakayeusoma msibani aje ausome kwa sauti pale ofisini, asije akajikwaa mbele ya watu.

Asubuhi moja alikuja bwana aliyefanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini. Ndugu yake, fundi wa masanduku ya bati, alikuwa amefariki, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alifuatana na mjane, Mama Akoth. Mama huyu aliishi na marehemu hapo Shauri Moyo mpaka watoto wakawa watu wazima, ila hawakuwahi kufunga ndoa kanisani, na kule kwa akina marehemu, magharibi, kulikuwa na wazee waliosema huyo si mke, ni come-we-stay tu, mwanamke wa kuishi naye bila ndoa. Programu ile ikimtaja vibaya, angefika kwenye boma la mumewe kama mgeni. Alilijua hilo.

Nilitaipu rasimu ya yule bwana kama alivyoileta. Ilisema kwamba marehemu, baada ya kupata kazi Nairobi, "commenced cohabitation" na Mama Akoth. Kiingereza chake hakikuwa na kosa. Ndivyo karatasi za mawakili zinavyosema kwamba watu wawili walianza kuishi pamoja, na neno mke halimo. Nilikasirika, lakini mpiga taipu haandiki maneno yake mwenyewe. Nikamwomba tu asome, kama sheria ya Madam ilivyotaka.

Alisoma vizuri, kwa sauti nene: kuzaliwa, shule, kazi. Alipofika pale alisema "commenced", akakwama. Mama Akoth alikuwa ameketi mbele yake, magoti karibu yagusane, anamtazama. Huyu ndiye aliyempikia na kumtandikia kitanda sebuleni yule bwana alipokuja mjini kutafuta kazi. Akalirudia lile neno, akakwama tena.

"Siste," akaniambia, "hapo weka 'started'."

"'Started' nini?"

Alikohoa. "'Started a home with his wife'." Yaani, alianza nyumba na mkewe. Kisha akamgeukia mjane. "Ama unaonaje, shemeji?"

"Soma tena," Mama Akoth akasema. "Nisikie."

Akasoma tena tangu mwanzo, na safari hii hakukwama popote.

Sasa nimestaafu, nakaa Buruburu na wajukuu. Simu zao huwachagulia maneno, na nyingi hupenda yale ya suti. Wakiniuliza lipi ni sahihi, nawaambia yote ni sahihi, hilo si swali. Msomee anayetajwa, ukimtazama usoni, utajua lipi linasemeka.

Baada ya mazishi Mama Akoth alipitia biro kutusalimu. Hakuzungumzia Kiingereza hata kidogo. Alisema tu kwamba alipofika bomani kwa mumewe aliwekewa kiti kando ya jeneza, na hakuna aliyemwambia asogee.