Kiweko chenye Matundu Mawili

Fundi seremala wa kichochoro chetu cha Bondeni hubana misumari midomoni, kwa hiyo salamu huiitikia kwa kuguna, guno refu lenye heshima zote. Futi yake imening'inia ukutani tu; yeye hupima kwa shubiri, mkono ukitambaa juu ya mbao kama kaa. Kabla ya kukata husema bismillahi, na akishakata hulipuliza vumbi polepole, kama anayepoza uji wa mtoto. Utotoni mwangu kila nyumba hapa ilikuwa na mitungi miwili ya maji ukumbini, na viweko vyake vyenye matundu alivichonga yeye.

Juzi nilimpelekea vyuma vyangu viwili vya mazoezi, vile vya kuongeza na kupunguza uzani, anitengenezee pa kuviweka, maana kuinama kunaniumiza mgongo. Niliporudi nikakuta kiweko cha mvule, miguu imara, na juu yake matundu mawili ya duara, yamepigwa msasa yakawa laini.

"Ami, matundu haya ya nini?"

Akaitoa misumari mdomoni. "Ya kukalia vitako vya..." Akavitazama vyuma vyangu. "Mkono umenitangulia, mwanangu. Lete nibadilishe ubao."

"Yaache, ami."

Akavipanga vyuma mwenyewe juu ya matundu. Kisha akapitisha kiganja chini yake, kama walivyofanya bibi zetu kuangalia kama mtungi unavuja, akakitazama. Kilikuwa kikavu.