Shukrani kwa Marehemu

Mtu aliyeshukuriwa kwenye makala yetu kwa kutupatia mbegu za ulezi alikuwa amekufa miaka sita kabla hatujaenda kuziomba. Niliuona mstari huo kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama mbele ya baraza la kata, Ndalambo, nikiisoma makala kwa sauti na kuitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye jina lake nikanyamaza. Wajumbe walidhani Kiingereza kimenishinda.

"Endelea, Bibi shamba," mwenyekiti akasema. "Neno likiwa gumu, liruke."

Neno halikuwa gumu. Lilikuwa jina la mume wa mwanamke aliyeketi kwenye benchi la mbele, mjane aliyekuwa ameniita nije kumtolea ushahidi. Na aliyeliandika jina hilo kwenye fomu ya utafiti ni mimi.

Wakati huo Momba, iliko Ndalambo, ilikuwa haijawa wilaya. Tulikuwa chini ya Mbozi, mafaili yetu yakienda makao makuu, Vwawa. Mimi ni mzaliwa wa Igamba, nimekulia kwenye kahawa, na ulezi niliujua kama kitu cha kuchanganya kwenye uji. Nilipopangiwa kazi ya ugani Ndalambo ilinibidi nijifunze mambo mawili kwa pamoja, ulezi na Kinamwanga, na katika yote mawili mwalimu wangu alikuwa yule mjane.

Jikoni kwake, juu ya mafiga, vilining'inia vibuyu kumi na vinne vyeusi kwa moshi. Kila kibuyu kilikuwa na aina yake ya ulezi. Moshi ulizuia wadudu, na kamba zilifungwa kwa mafundo tofauti ili hata gizani asikosee. Alijua upi unafaa pombe, upi unafaa uji wa mama aliyejifungua, upi uwahi kupandwa mvua zikichelewa. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko. Juu udongo ulikuwa mwekundu na ulikauka mapema, chini ulikuwa mweusi na ulishika maji. Kuna aina tatu alizozipanda juu tu. Zikipandwa chini, alisema, zinanenepa majani na kusahau kuzaa.

Mtafiti alipokuja kutoka chuoni na mradi wa aina za zamani za ulezi, mkuu wangu wa kazi alimkabidhi kwangu, na mimi nikampeleka moja kwa moja kwa mjane. Tulikaa kwake siku nne. Mtafiti alikuwa kijana makini, mwenye adabu, na alikuja na jedwali tayari, aina za ulezi zimepangwa kwa rangi. Siku ya kwanza mjane alitandika mkeka, akapanga masuke juu yake kwa mafungu, na mafungu yake hayakufuata rangi. Aliyapanga kwa kazi na kwa udongo. Mtafiti aliyatazama muda mrefu. Siku ya pili nilimwona anafuta jedwali lake kwa ufutio, anaanza upya, akifuata mkeka.

Kabla ya hayo yote tulikuwa tumejaza fomu. Mstari wa kwanza uliuliza jina la mkuu wa kaya.

"Andika mume wangu," mjane alisema.

"Mama, baba si ni marehemu?"

"Ni marehemu. Shamba limehama?"

"Halijahama."

"Basi andika. Ukiandika langu, kesho shemeji yangu atasikia Tunduma kwamba nimejimilikisha shamba la kaka yake. Wewe hujui watu wangu, mwanangu."

Niliandika jina la marehemu. Pembeni, kwa penseli, nikaongeza kwamba ameshafariki na kwamba mtunza mbegu ni mkewe, nikaandika na jina lake. Fomu haikuwa na mstari wa jina la pili. Nilijiona nimefanya kazi nadhifu.

Siku ya kuondoka alitufungia mbegu za aina zote kumi na nne kwenye vitambaa. Hakuomba chochote ila jambo moja, na aliliuliza kwa Kiswahili ili mtafiti naye asikie.

"Kwenye hicho kitabu chenu, jina langu litaonekana?"

"Litaonekana, mama," nilimjibu. Mtafiti aliitikia kwa kichwa.

Garini, kwenye njia ya kurudi Tunduma, nilimuuliza mtafiti majina ya waandishi yanapangwaje. Alinieleza kwa utaratibu. Wa kwanza ni aliyeandika. Wa mwisho ni mwenye mradi, profesa wa nje, ambaye kwake ukubwa ndio kukaa mwisho. Katikati wanakaa wengine. Makala yenye watu wachache inahesabika zaidi mtu anapoombewa cheo, lakini kuna watu huwezi kuwaacha. Wa pili, kwa mfano, angekuwa mkubwa wake wa idara.

"Kwani naye anakuja shambani?" nikauliza.

"Amesaini kibali cha gari."

Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, alicheka hadi akapunguza mwendo. "Aliyesaini gari anaandikwa. Mimi niliyelitoa kwenye matope mara tatu, jina langu linakaa wapi?"

"Kwenye kitabu cha gari, mzee," mtafiti akasema.

"Afadhali. Humo anaandikwa aliyepanda tu."

Tukacheka wote. Mtafiti akageuka nyuma akaniambia kwamba mimi nitakuwa wa nne, baada ya mtu wa takwimu. Sikucheka tena. Nilitazama dirishani nisionekane nilivyofurahi.

Makala ilifika baada ya mwaka na nusu, kurasa kumi na moja ndani ya bahasha ya kaki. Nililiona jina langu, la nne kati ya matano. Niliiweka kwenye mfuko wa nailoni isichafuke. Niliwaonyesha mkuu wangu wa kazi, walimu wa shule ya msingi na mchungaji wetu, na wote niliwaonyesha ukurasa wa kwanza. Nilipoomba ruhusa ya kwenda kusoma shahada niliambatanisha nakala ya ukurasa huohuo.

Mjane naye nilimwonyesha. Alipitisha kidole juu ya majina matano, ingawa hakujua kusoma Kiingereza. Kusoma majina alijua.

"Langu?"

"Lipo nyuma, mama. Kwenye shukrani."

Nilikuwa sijaangalia nyuma. Sina namna ya kulieleza jambo hili ili lionekane dogo. Nilijua shukrani hukaa mwisho, nilijua tuliahidi, na nikasema lipo.

Mwaka uliofuata shemeji yake alikuja kutoka Tunduma. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mwenye jamaa pande zote mbili za mpaka, mcheshi, anayesalimia kwa Kibemba hata watu wasiojua Kibemba. Alisema shamba ni la ukoo, kaka yake amekufa bila mtoto wa kiume, na yeye anataka kulilima mahindi. Mjane alikataa. Alisema amelilima miaka yote, tena wasomi wameandika kitabu juu ya kazi yake, na jina lake limo. Mwenyekiti wa baraza akasema kitabu kiletwe na kisomwe.

Ndivyo nilivyojikuta nimesimama pale na makala yangu kwenye nailoni, na kwa mara ya kwanza nikaifungua ukurasa wa mwisho.

"Waandishi wanamshukuru," nilisoma, "mkulima wa Ndalambo..." Nikaliona jina. Mwenyekiti aliponiambia niliruke, nililisoma. "...ambaye alitoa mbegu kutoka kwenye shamba lake na kutueleza ujuzi wake wa miaka mingi."

Shemeji akasimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Mwenyekiti, mimi nimemzika kaka yangu kwa mikono hii. Kumbe kufa hakukumzuia kulima! Ila wasomi wamesema, nami siwezi kubishana na wasomi. Shamba lake, mbegu zake. Mimi sina la kuongeza."

Watu walicheka. Hata mjumbe mmoja mwanamke alificha mdomo kwa kitenge. Mjane hakugeuka kumtazama shemeji. Alinitazama mimi.

"Soma tena," akasema.

Nilisoma tena.

"Na wewe umo?"

"Nimo, mama."

"Wapi?"

"Mbele."

Alikaza kitenge chake kiunoni kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo, kisha akabaki ameketi.

Nililieleza baraza habari ya fomu, mstari mmoja, na maandishi yangu ya penseli. Mjumbe mmoja mzee aliniuliza bila kejeli yoyote, "Kwa hiyo, mwanangu, penseli haiingii kwenye kompyuta?" Nilimjibu kwamba aliyeingiza fomu kwenye kompyuta alichukua kilichokuwa kwenye mstari tu. Mwenyekiti alisema maneno yangu ni ya mdomo na karatasi ni karatasi. Walioandika waandike kwamba wamekosea, wapige mhuri, ndipo baraza litaangalia upya. Hadi hapo shemeji angelima nusu ya juu, mjane nusu ya chini.

Nusu ya juu ndiyo yenye udongo mwekundu.

Nilikwenda Tunduma. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani hadi mlangoni mwa duka la intaneti. Mwenye duka alikuwa anafunga kwa ajili ya swala ya Ijumaa, nikasubiri kibarazani. Aliporudi nilimwandikia mtafiti barua pepe, na kwa kuwa sikuamini barua pepe, nikampigia simu palepale.

"Dada, pole sana," alisema. "Lakini ni shukrani tu. Shukrani hazihesabiwi popote."

"Huku zimehesabiwa. Amepoteza nusu ya shamba."

Akasema marekebisho yanawezekana, ila jarida linataka sahihi za waandishi wote watano, na kila mmoja ajaze alichokifanya.

"Vizuri. Basi tusirekebishe shukrani peke yake. Jedwali la pili ni mkeka wake. Nilikuona ukifuta la kwako. Awekwe kwenye waandishi."

"Dada, hawezi kuwa mwandishi wa makala asiyoweza kuisoma."

"Na yule wa pili ameisoma?"

"Usilifungue hilo," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye ndiye anayekaa kwenye kamati ya vyeo. Tena wakianza kuuliza nani alifanya nini, wataanza na wewe. Ulikusanya tu. Kukusanya hakumfanyi mtu mwandishi. Nilikuweka kwa heshima."

Jina nililolitunza kwenye nailoni, kumbe nilikuwa nimepewa jinsi mgeni anavyopewa kiti. Na barua ya kunikubalia masomo ilikuwa imeshafika.

"Kama ni hivyo, toa langu uweke lake," nikamwambia.

"Siwezi kutoa bila sahihi zote tano," akasema. "Hata lako."

Fomu ya marekebisho ilikuja kwa posta. Mbele ya jina langu niliandika: *Alikusanya taarifa. Aliandika jina lisilo sahihi.* Nikasaini. Mtu wa takwimu alisaini ndani ya wiki mbili. Profesa wa nje alisaini siku alipoipata na kuuliza kwa mstari mmoja kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Mtafiti alichelewa karibu mwaka, lakini alisaini, na mbele ya jina lake aliandika kwamba jedwali la pili lilitokana na mpangilio wa mjane, akamtaja kwa jina kamili. Najua ilimgharimu ujasiri.

Katika kuhangaika huko nilimtafuta dereva. Alikuwa amestaafu, anaishi Tunduma. Alinipeleka mwenyewe kwenye ofisi iliyotunza vitabu vya magari, akanitafutia kurasa za siku zile nne. Wapo waliopanda: yeye, mtafiti, mimi. Na siku ya mwisho, tulipompa lifti hadi barabarani, yupo mjane, ameandikwa kwa mwandiko wa dereva, jina lake mwenyewe, limekosewa herufi moja. Nilitoa nakala nikaiweka kwenye faili la marekebisho.

Masomo yale ya shahada, niliyoyaomba kwa ukurasa wa kwanza, niliyaacha yapite. Nilipohamishiwa Chitete, wilaya mpya ya Momba ilipoanza, faili lilikwenda nami. Mjane aliendelea kupanda zile aina tatu kwenye udongo mweusi, na kama alivyotuambia, zilinenepa majani na kuzaa kidogo. Kila msimu alirudisha kibuyuni kidogo kuliko alichokitoa. Mara ya mwisho nilipomtembelea, vibuyu vilikuwa bado kumi na vinne. Alikishusha kimoja akakitikisa karibu na sikio langu. Nilisikia punje chache zikigonga ukuta wa kibuyu.

"Bado mmoja hajasaini?" akaniuliza.

"Bado, mama."

Kwenye nusu ya juu ya shamba kuna mahindi ya shemeji. Makala inasomeka kama ilivyotoka, jina langu la nne, na shukrani kwa marehemu. Kwenye fomu ya marekebisho nafasi ya pili iko wazi. Jina la mkubwa wa idara limechapwa. Palipoandikwa *alichokifanya* hapana kitu, na palipoandikwa *sahihi* hapana kitu.