Chaji bila waya ilivyomwashia wivu muuza magari wa Lubumbashi

Jua halijaanza kuchoma boneti za magari, na Brigitte Kisimba tayari anapita kutoka gari moja hadi jingine akiwa na kitambaa chenye maji. Vumbi jekundu la barabara ya Kasumbalesa limelala juu ya vioo tangu jana jioni. Analifuta polepole, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake.

Mteja wa kwanza anaingia getini. Hazunguki gari, hapigi teke tairi, hata haulizi limetoka nchi gani. Anafungua mlango na kuchungulia kati ya viti viwili vya mbele.

"Mama, hii motokari iko na chargeur sans fil?"

"Iko na moteur muzuri, papa. Kuya usikie."

"Moteur nitasikia baadaye. Minauliza juu ya kuchaji telefone."

Brigitte anakunja kitambaa. Kwa kidevu anamwonyesha mwanamke aliyesimama upande wa pili wa uwanja, mwenye gauni la kijani na simu mkononi. "Basi, uliza yule dada."

Mteja anakwenda. Brigitte anabaki akilifuta gari ambalo tayari linang'aa.

Brigitte ana miaka arobaini na minane, na karibu nusu ya umri huo ameutumia kuuza magari yaliyotumika katika uwanja huu wa Lubumbashi. Babu yake alitoka Mitwaba kuja kufanya kazi ya reli. Baba yake alishuka mgodini hadi alipostaafu. Yeye aliingia hapa kama mfuta vumbi, na siku moja, muuzaji alipokuwa amekwenda kula, akamuuzia mwalimu mmoja gari dogo la bluu.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Hana mshahara. Anaishi kwa kamisheni ya kila gari analoliuza, na kwa kamisheni hiyo amesomesha watoto wanne.

Silaha yake ilikuwa sikio. Alikuwa akiwasha injini, anamshika mteja mkono, anauweka juu ya boneti na kumwambia anyamaze. "Nilikuwa nabaambia, sikia kwanza. Motokari inasema yenyewe kama iko mugonjwa," anasema. "Na bantu balikuwa banasikia."

Kisha kikaja kibao.

Ni kitu kidogo cheusi, si kikubwa kuliko kiganja, kinachokaa kati ya viti vya mbele. Ukiilaza simu juu yake, inaanza kuchaji bila waya wowote. Magari ya miaka ya karibuni huja nacho. Kwa yale ya zamani, mwenye uwanja, mfanyabiashara kutoka Butembo anayeitwa Muhindo, huwalipa mafundi wakipachike. Siku hizi, anasema Brigitte, wanunuzi wanakitaka kana kwamba gari haliwezi kutembea bila hicho.

Pamoja na kibao akaja Graciella Chileshe.

Graciella ana miaka ishirini na tisa. Alikuwa akiuza simu na vocha huko Sakania, mpakani, kabla ya kuhamia Lubumbashi miaka miwili iliyopita. Hasemi sana. Anachofanya ni kutoa simu yake, kuishikilia hewani kidogo kama mtu anayesita, kisha kuilaza juu ya kibao taratibu. Mlio mdogo unasikika, kioo kinawaka, na wanaume wazima wenye vitambi wanacheka kama watoto.

"Ule mukono," anasema Brigitte, na anatikisa kichwa. "Ule mukono ulininyima usingizi."

Anasimulia kwamba jioni moja, nyumbani kwake Ruashi, alikaa mezani akawa anailaza simu yake na kuiinua, kuilaza na kuiinua, akijaribu kuiga namna ile ya kusita. Binti yake Abigaïl alisimama mlangoni akamuuliza anafanya nini.

"Nilimwambia ninapima kama meza iko sawa," anasema. Hacheki anaposimulia.

Kabla ya hapo, wawili hao walikuwa wakila pamoja mchana, bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga katika sahani moja, nyuma ya kibanda cha mlinzi. Brigitte akaanza kusema hana njaa. Akawa anakula peke yake ndani ya gari lililo mbali zaidi, vioo vikiwa juu, lakini akiwa amegeukia upande ambao angemwona Graciella. Kulikuwa na mwezi ambao mwenzake aliuza magari matano, yeye moja.

"Nilikuwa najua kila nguo yake," anakiri. "Akivaa mupya, nilijua. Akicheka na patron, nilitaka kujua banacheka nini." Patron, yaani bosi, ni Muhindo.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa mteja mmoja aitwaye Floribert.

Floribert hununua samaki wakavu Kilwa, kwenye ziwa Mweru, na kuwauza kwa jumla Lubumbashi. Alihitaji gari la juu, lenye kuiweza barabara ile mbaya. Wiki nzima Brigitte alimwonyesha jeupe moja, lenye usukani kulia kama mengi ya hapa. Alimfungulia boneti, akamlaza chini atazame springi, akampeleka hadi kwa fundi. Bwana huyo aliridhika.

Siku ya kufunga biashara, Floribert alilaza simu yake juu ya kibao. Hakuna kilichotokea. Akaigeuza, akaibonyeza. Ndipo Graciella aliposogea, akaivua simu ganda lake nene la plastiki, akailaza tena, na kioo kikawaka.

"Papa, waya utazisahau," Graciella alimwambia mteja. "Hii itakuchajia telefone mpaka Kilwa na kurudi."

Floribert alicheka, akatoa waya wa kuchajia mfukoni mwake na kumpa mlinzi zawadi. Muhindo, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, akaandika mauzo yale kwa jina la Graciella.

"Nilibaacha pale," anasema Brigitte. "Niliingia choo, nikafunga mulango, nikalia sababu ya motokari ya muntu mwingine."

Muda si mrefu, gari lile jeupe lilirudi. Lilikuwa limepakaa tope hadi kwenye vioo. Floribert alishuka upande mmoja, na upande mwingine akashuka mkewe, Princesse, akiwa na mtoto mchanga aliyefungwa kitambaa kifuani.

Yaliyotokea ni haya. Floribert alikuwa njiani kwenda Kilwa, simu ikiwa imelala juu ya kibao, naye akiamini inachaji. Uchungu ulimshika Princesse siku nyingi kabla ya wakati. Alimpigia mumewe. Simu ilikuwa imezima. Alipiga akiwa kwenye teksi, akapiga akiwa kitandani hospitalini, na dada yake akaendelea kupiga wakati mtoto anazaliwa. Floribert alikuja kujua kesho yake, Kilwa, alipopata pa kuchajia.

Mtoto alikuwa mzima. Ndoa ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Princesse alikuwa amehamia na mtoto kwa mama yake mzazi, na alikubali kuja uwanjani kwa sharti moja tu: asikie kutoka kinywani mwa waliouza gari lile.

"Bwana yangu anasema telefone ilikufa juu ya kintu yenyu," alisema, akisimama katikati ya magari. "Miye ninasema alikuwa na mwanamuke Kilwa, akaizima. Muniambie. Telefone inaweza kufa juu ya chargeur?"

Muhindo alitoka ofisini. Wote wakamtazama Graciella.

Akisema ndiyo, angekiri mbele ya bosi wake kwamba alimdanganya mteja. Akisema hapana, mtu angepoteza nyumba yake. "Kawaida inachaji, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Iko muzuri."

Floribert akashika kichwa.

Brigitte anasema wakati ule alisikia kitu kitamu kikimpanda kooni. "Nisikudanganye. Nilifurahi. Nilimuangalia, nikasema moyoni, leo ule mukono utafanya nini?"

Kisha akanyoosha mkono kwa Floribert. "Nipe funguo, papa. Na telefone. Mama Princesse, ingia. Graciella, na weye ingia."

Waliondoka wanawake watatu na mtoto. Brigitte hakufuata lami. Alikata kushoto, akaingia njia ya udongo inayopita nyuma ya maghala, iliyochimbwa na mvua na malori. Simu ilikuwa juu ya kibao, kioo kinawaka, inachaji.

"Angalia hii telefone," alimwambia Princesse. "Usiniangalie miye."

Shimo la kwanza, simu iliruka kidogo ikarudi. Shimo la pili, ikateleza upande. Mwanga ukazimika. Ilibaki palepale juu ya kibao, imelala vizuri kabisa, kama simu inayochaji, na haikuwa ikichaji. Dereva anayetazama barabara asingejua.

"Hii ni njia ya nyuma ya maghala," Brigitte alisema. "Njia ya Kilwa weye unaijua."

Princesse aliichukua simu, akairudisha katikati, ikawaka. Akamwambia Brigitte aendelee. Ikazimika tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayemhoji shahidi, kisha akaanza kulia, na mtoto naye akalia.

"Nilimuambia bwana yangu maneno mubaya mingi," alisema. "Mbele ya mama yake."

"Utamuambia zingine muzuri," Brigitte alimjibu.

Graciella alikuwa kiti cha nyuma. Walipokuwa wanarudi, Princesse alimtazama Graciella kwenye kioo, kisha akamgeukia Brigitte na kumwambia kwa sauti ya chini: "Asante, mama. Lakini weye ulimuleta huyu dada aone haya. Miye najua wivu. Nimelala nayo siku hizi zote."

Brigitte akaongeza mwendo kuelekea uwanjani.

Floribert na Princesse waliondoka pamoja, na safari hii Floribert alimwomba mlinzi waya wake. Kwa Graciella mambo hayakwisha vizuri. Kwa kuwa alimdanganya mteja, Muhindo alimwondoa uwanjani siku ileile na kumpeleka kwenye ghala lake la vipuri, ahesabu maboksi. Uwanja mzima ukabaki kwa Brigitte.

Alitarajia raha. Haikuja. Wateja waliingia na kuuliza: "Yule dada wa telefone eko wapi?" Aliwajibu kwamba amehamishwa, na wakati mwingine wakaondoka. Hata alipouza, alijikuta anatazama upande wa pili wa uwanja, kama bado kuna mtu wa kumshinda pale.

"Kumuonea wivu muntu mwenye haiko, ni mateso," anasema. "Unamufikiri mukubwa kuliko vile alikuwa. Afadhali umuone, ujue leo viatu vyake viko na matope."

Akapanda ofisini kwa Muhindo. "Nilimuambia, patron, nirudishie ule mutoto, Graciella. Alidanganya, ndiyo, lakini alisema kadiri alivyojua. Na miye nilijua kama ile kintu inateleza, nikanyamaza, juu kamisheni haikuwa yangu. Tuko wawili." Muhindo akasema atafikiri. Juma lililofuata, gauni la kijani lilikuwa limerudi.

Sasa uwanja una utaratibu mpya, uliotokana na mashindano ya wanawake hao wawili. Graciella huilaza simu, mteja anacheka. Kisha Brigitte anamwendesha hadi njia ya nyuma ya maghala, akaone mwenyewe kibao kinaweza nini na hakiwezi nini. Kila gari linatoka na waya ndani ya droo. Wapo wanaokasirika na kuondoka. Wengi wananunua, na kamisheni wanagawana.

Mchana wanakula tena pamoja. Je, wamekuwa marafiki?

"Apana," anajibu Brigitte haraka. Graciella, aliye karibu, anacheka akiwa ameinamia sahani.

Kinachowasubiri sasa ni safari. Muhindo anataka kumtuma muuzaji mmoja Dar es Salaam, bandarini, akachague magari mwenyewe badala ya kununua kwa picha. Ni nafasi moja tu. Brigitte ameiomba. Graciella pia ameiomba. Jibu halijatoka.

Brigitte ameshashona suti ya kitenge kwa ajili ya safari hiyo, ameshamwuliza jirani yake namna ya kukaa ndani ya ndege. Anataka kusimama mbele ya magari yale yakiwa bado na chumvi ya bahari, awashe injini moja moja, asikilize.

Na kama atachaguliwa Graciella?

Anachukua kitambaa, anafuta kioo cha pembeni cha gari lililo karibu.

"Nitamusindikiza mpaka aéroport," anasema hatimaye. "Nitamubebea valise yake ya nguo. Lakini mu njia, asiniongeleshe."