Namtilia mdogo wangu dawa kwenye uji, sifa anapewa Mtumishi

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana huku Sumbawanga tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeachika, nina watoto wawili na genge la mboga hapa mjini. Kwetu ni Kaengesa, wazazi wangu ni wakulima wa mahindi na ulezi. Kinachonitesa kinamhusu mdogo wangu wa mwisho, nitamwita Neema.

Neema ana kifafa tangu akiwa shule ya msingi. Kilimtesa sana mpaka alipoanza vidonge vya hospitali. Akawa anameza kila jioni, akamaliza shule, akaolewa Mwazye. Habari za kuanguka tulishazisahau. Kisha akaja mtu mmoja anayejiita Mtumishi, akasimamisha turubai nje kidogo ya mji, akaanza kuombea wenye sukari, wenye presha, wagumba, kila mtu. Shemeji yangu akasikia, akambeba mke wake akampeleka.

Yule Mtumishi ni mjanja, na sitatafuta neno la heshima zaidi ya hilo. Hamwambii mtu aache dawa hata siku moja. Anakushika kichwa mbele ya umati, anakuuliza, "Unamwamini nani, Mungu au kidonge?" Sasa umesimama pale, watu wote wanakutazama, utajibu nini? Neema alitoa vidonge vyake kwenye pochi akaviweka miguuni pake, akina mama wakapiga vigelegele.

Haukupita muda mrefu akaanguka akiwa anasonga ugali, peke yake jikoni. Mkono wa kushoto uliingia motoni. Mpaka leo vidole vya mkono ule havikunjuki. Mtumishi alipopelekewa habari alisema imani ya Neema ilikuwa na ufa. Yaani mtu ameungua, halafu kosa ni lake yeye aliyeungua.

Nilikwenda kumshtaki kwenye ofisi ya afya. Afisa alinisikiliza vizuri, hata alisikitika, lakini jibu lake bado linanichoma. Aliniambia, "Dada, nikimkuta na sindano au anauza vidonge, nafunga leo hii. Hata waganga wa mizizi wana usajili wao, wakikosea tunaufuta. Huyu anaombea tu. Kuombea hakuhitaji leseni, sasa nitamnyang'anya nini?" Nikamuuliza kama kumfanya mgonjwa atupe dawa siyo kutibu. Akasema nilete mtu aliyemsikia akisema "acha dawa". Hayupo, kwa sababu Mtumishi hajawahi kulitamka neno hilo.

Mimi kupika chakula cha kuuza barabarani natakiwa nipimwe afya. Kinyozi anatakiwa awe na leseni. Huyu anachezea ubongo wa mdogo wangu na sheria inampisha apite.

Shemeji alipoona mke amebaki na mkono mmoja wa kufanyia kazi na anaanguka kila mara, alimleta kwangu nimuuguze, akarudi Mwazye. Nilimsihi Neema arudie vidonge, nikalia mbele yake. Akanijibu kwa upole, "Dada, imani yangu ilishakuwa na ufa; nikimeza nitakuwa nimemkana Mungu mara ya pili." Siku moja alianguka mlangoni, kichwa kikapita karibu kabisa na jiwe la kunolea visu. Hapo ndipo nilipoamua. Nilikwenda kliniki nikachukua dawa zake, nikasema mgonjwa anashindwa kutembea. Tangu hapo kila jioni nasaga kidonge, nakikoroga kwenye uji wake wa ulezi, naongeza sukari na ndimu ili uchungu usijulikane. Anakunywa anasema, "Asante dada."

Kuanguka kukakoma. Nilishukuru, nikajua nimemwokoa mdogo wangu.

Jumapili iliyofuata mfungo wao wa maombi pale kwa Mtumishi, alinibembeleza nimsindikize kwenye turubai. Sikujua kwamba ameandaliwa. Walimpa kipaza sauti, akauinua ule mkono ulioungua, akasema, "Sijameza dawa yoyote, na siku hizi sianguki." Watu walilia. Mtumishi alifumba macho kama mtu anayepokea zawadi yake. Halafu mama mmoja muuza dagaa kutoka Kirando akatoka katikati ya watu na binti yake, naye mwenye kifafa, akafungua khanga akatoa vidonge vya mtoto akaviweka chini. Kwa macho yangu. Walipomaliza nilimtafuta yule mama, alikuwa ameshaondoka.

Juzi mama yangu amenipigia simu. Amesikia habari za Neema, anauliza, "Mwanangu, kama mwenzio amepona, na mimi hizi za presha si niziache?" Nikamwambia asithubutu. Akaniuliza kwa nini. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Nikimwambia Neema ukweli, najua ataondoka kwangu na hatagusa tena chakula changu. Ataanguka, na safari hii huenda asiamke. Nikinyamaza, mimi ndiye ninayempa yule mtu nguvu za kuwaua watoto wa wenzangu, kwa kijiko changu na sufuria yangu. Kumweleza afisa naogopa pia, maana nimempa mtu mzima dawa bila ridhaa yake. Huenda kati yangu na Mtumishi, mwenye kosa mbele ya sheria nikawa mimi.

Sasa Mtumishi anapeleka mkutano Kirando na Neema ndiye atakayeshuhudia. Jana usiku, wakati anakunywa uji, aliniambia, "Dada, wewe unaishi na mimi, umeniona kila siku. Nataka usimame pembeni yangu useme ulichokiona."

Nimemkubalia. Tunaondoka wiki ijayo. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mnitukane mkitaka, lakini mniambie: nikipewa kile kipaza sauti, niseme nini?