Vibanzi vya Matete ya Kasenga

Ninayo bado kalenda ya misioni ya mwaka 1954, na katika ukurasa wake wa Agosti yapo matundu sita. Niliyatoboa kwa sindano ya kushonea, kwa kuwa mwaka ule sikujua kuandika. Nilianza shule Septemba 1957, nikiwa na miaka thelathini na mitatu, katika darasa la akina mama la parokia, na nilipokwisha kuzijua tarakimu nilirudi kwenye kalenda hiyo nikayasoma matundu yangu: kuanzia Jumatatu tarehe 23 hadi Jumamosi tarehe 28. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nimechanganya siku.

Hilo ndilo juma ambalo klabu ya jazz ya mtaa wetu, hapa katika mji ulioitwa wakati ule Élisabethville, ilipiga muziki siku saba mfululizo. Walianza saa kumi na moja jioni, ili watu wafike makwao kabla ya saa ambayo Mwafrika hakuruhusiwa tena kuonekana barabarani. Mume wangu alipiga klarineti. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, mwana wa fundi wa reli, na yeye mwenyewe karani wa reli. Klarineti alifundishwa na mapadri katika fanfari, yaani bendi ya matarumbeta, ya misioni. Alivaa tai hata siku ya kupaka chokaa ukuta. Nilimheshimu, na nilijivuna kuitwa mkewe.

Asiyeijua klarineti na aelewe jambo moja. Kwenye mdomo wake hufungwa kibanzi chembamba cha tete, na kibanzi hicho ndicho kinachotoa sauti. Bila hicho chombo ni bomba tu. Vibanzi vya dukani vilitoka Ulaya, vilikuja kwa nadra, na katika ukavu wa Agosti vilipasuka siku hiyohiyo. Mimi nilizaliwa Kasenga, kwa watu wa mto Luapula. Baba yangu alisuka mitego ya samaki, na kabla sijavunja ungo nilikwisha jua tete lipi hupasuka na lipi huvumilia maji. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, nilipomwona mume wangu amekishika kibanzi kilichopasuka kama mtu aliyeshika kifaranga kilichokufa, nilikichukua, nikakitazama kwenye mwanga, nikamwambia: "Hii ni tete tu, Baba. Hata kwetu iko."

Tangu siku hiyo nilivichonga mimi. Wajomba zangu waliniletea matete manene yaliyokauka yakiwa bado yamesimama, nami niliyaweka juani misimu miwili hadi yakawa na rangi ya asali. Niliyapasua vipande vinne vinne, nikasugua mgongo wa kila kipande juu ya jiwe la kunolea hadi ukalala sawasawa, kisha nikakwangua ncha kwa kigae cha chupa. Nilikwangua, nikailamba, nikaipuliza, nikakwangua tena. Ukizidisha kidogo tu, umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Vilivyofaa nilivihifadhi katika kopo la pomada, ndani ya kitambaa chenye unyevu.

Wapigaji wenzake walijua. Mkuu wa bendi, muuguzi mnene aliyepiga saksofoni, alipokuja kwetu Jumatatu ile kumchukua mume wangu, alinikuta na kigae mkononi, akacheka hadi akashika mlango.

"Baba, weye unapuliza tu! Muziki yote iko ku mikono ya huyu mama. Siku akikasirika, tutabakia na ngoma!"

"Kwa nini akasirike?" mume wangu akajibu. "Jumamosi ataingia na miye, mukono ku mukono. Atakaa ku meza ya mbele. Nitabaambia bantu bote ni nani anatengeneza."

Maneno hayo niliyashika. Wake wa wapigaji hawakukaa ukumbini. Waliokaa mbele, kwa vitambaa vya sare na viatu virefu, walikuwa wanawake wasio na waume, waliojipangia chama chao na kuitwa kwa shangwe na bendi. Sisi tuliofunga ndoa kanisani tulikaa kwenye benchi nje ya dirisha la jiko la klabu, kama watu waliokuja kudai sufuria zao. Sikutaka kucheza, wala sikutaka viatu virefu. Nilitaka mara moja tu, mbele ya watu, yule aliyekula kwangu na kulala kwangu aseme kwamba sauti ile ilipita kwanza mikononi mwangu.

Siku tano muziki ulikwenda vizuri. Kila asubuhi nilitoa kibanzi kimoja kwenye kopo, kila jioni kililia kama nilivyokusudia, na niliporudi nyumbani nilitoboa tundu. Siku ya Jumatano mwanamke mmoja kwenye benchi, mke wa mpiga tarumbeta, aliniuliza kama ni mimi ninayemkatia sauti ile: "Mama, hii kilio yake njo unamukatia weye?" Nikamjibu kwamba kilio ni chake, mimi namkatia njia tu. Alhamisi nilipiga pasi gauni langu la Pasaka.

Ijumaa, tarehe 27, mume wangu alirudi kutoka kazini bila kunitazama machoni. Alisema kwamba kesho atakuja Mzungu anayetafuta wapigaji wa kurekodi sahani za santuri, na kwamba kamati ya klabu imeamua meza za mbele zikaliwe na watu wanaojua Kifaransa.

"Utakaa kimya kama sanamu, Mama. Watacheka."

"Nifundishe neno moja."

"Neno moja haitoshi. Ku dirisha utasikia sawasawa."

Jumamosi nilikaa dirishani nikiwa nimevaa gauni la Pasaka. Kibanzi nilichompa siku hiyo kilikuwa bora kuliko vyote nilivyopata kuvichonga, na alikipiga inavyostahili. Hata wapishi waliacha masufuria. Muziki ulipokwisha, Mzungu alimfuata hadi karibu na jiko. Alisema Kiswahili kile cha mabwana wa kazi, na kila neno lilinifikia.

"Sauti hii muzuri sana. Hii kibanzi unapata wapi?"

Mume wangu alikuwa amekifungua na kukishika kiganjani. Kati yake na mimi palikuwa na kizingiti cha dirisha tu.

"Ubelgiji, Bwana. Ninaandika barua, wananitumia."

Mkuu wa bendi aligeuka akanitazama, kisha akaanza kuifuta saksofoni yake iliyokuwa imekwisha kufutwa. Mzungu alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Muzuri. Kesho nakuja tena. Kesho nachagua nani nachukua."

Nilirudi nyumbani peke yangu, nikatoboa tundu la sita. Haki ni haki: siku ile alikuwa amepiga kwa kibanzi changu.

Jumapili tarehe 29, bendi ilikuwa ianze saa tisa alasiri. Baada ya misa mume wangu alikitazama kibanzi cha jana: kilikuwa kimepasuka ncha. Akanyoosha mkono.

"Mama, nipe ya leo."

Nilikuwa nimeketi, kopo mapajani. "Ya leo inatoka Ubelgiji," nikasema. "Angalia kama barua imefika."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha hakucheka tena.

"Unataka nimwambie Mzungu nini? Aandike mu kitabu yake: bibi ya karani anakata matete?"

"Ndiyo. Aandike hivyo."

Angeweza kuninyang'anya kopo. Alikuwa na nguvu za kutosha, na majirani wangesema ni haki yake. Hakulinyang'anya, na hilo ninaliandika ili asihukumiwe zaidi ya alilotenda. Lakini hakuniomba pia. Alizungushia uzi kile kibanzi cha jana, akafunga tai, akatoka. Nami sikumwita, ingawa hadi anafika pembe ya barabara sauti yangu ingemfikia.

Nilikwenda dirishani kwa kuchelewa. Wimbo wa kwanza klarineti ililia kama bata aliyekanyagwa. Wa pili pia. Wanawake wa meza za mbele walicheka wakiwa wamefunika midomo kwa vitambaa vyao vya sare. Mzungu alingoja hadi mwisho kwa adabu, kisha akamgusa bega mume wangu na kusema: "Pole. Hata Ubelgiji siku hizi inatuma takataka." Akamchukua mpiga tarumbeta.

Hatukugombana. Aliiweka klarineti katika kasha lake, na kwa miaka kumi na saba tuliyoishi pamoja baadaye hakulifungua. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi, kunipa heshima yangu mbele ya ndugu, na kunilipia madaftari nilipoanza shule. Mara moja tu, nilipomsomea kwa sauti ukurasa wangu wa kwanza wa Kifaransa, alisema, "Sasa ungekaa meza ya mbele," akatoka nje.

Alifariki tarehe 3 Novemba 1971. Katika matanga mkuu wa bendi, ambaye wakati huo alitembelea fimbo, alisimama kumsifu marehemu. Alisema hapajawahi kutokea klarineti kama ile katika mji huu, na kwamba marehemu alikuwa mtu wa ustaarabu, aliyeagiza vibanzi vyake Ubelgiji. Watu waliitikia kwa majonzi. Mjane haruhusiwi kusema akiwa ameketi kwenye mkeka. Lakini aliponipa mkono hakuweza kunitazama.

Kopo la pomada ninalo. Vimo vibanzi kumi na kimoja, vimekauka, vingine vimejikunja. Na kalenda ninayo, yenye matundu sita. Mwanamke mwenzangu mmoja alinishauri nitoboe na la saba, ili juma likamilike, kwa kuwa wote waliokuwapo wamekwisha kufa. Nilikataa. Jumapili ile sikumpa kitu, na mahali pa siku ile karatasi ibaki nzima.