Nilimwambia mama mdogo atapona

Leo nimejua kwamba mama mdogo amepoteza jicho kwa sababu yangu.

Mama mdogo Somoe anabangua korosho Naliendele. Mwaka jana aligundulika ana presha ya macho. Karatasi aliyopewa hospitali iliandikwa "treatable". Kwetu mimi ndiye niliyesoma, nikamwambia, "Utapona."

Dawa ya matone ilipoisha, hakununua nyingine. Anunue ya nini, na amepona?

Leo nimempeleka hospitali, daktari akampima, kisha akauliza, "Mama, nani alikwambia uache dawa?"

Mama mdogo akanishika bega. "Si nimepona, daktari? Mwanangu huyu kasoma."

Jamani, bora angenitukana.

Nikamweleza daktari neno nililosoma kwenye karatasi. Akanigeukia. "Treatable maana yake tunauzuia ugonjwa usiendelee. Curable ndiyo kupona. Huu hauponi, dawa ni ya maisha. Jicho la kushoto limeshakwenda, tuokoe la kulia."

Tulipotoka, mama mdogo akanipa karatasi mpya. "Haya, nisomee."

Sikuweza. Nimemrudisha ndani, daktari akamsomea mwenyewe kwa Kiswahili.

Nyie mnaowasomea wazazi karatasi za hospitali, neno msilolijua huwa mnauliza, au mnakisia kama mimi?