Chumvi ya Mtakatifu Lusia

Mama alikuwa hajatoka kitandani kwa wiki tano. Tulikuwa tumemzika mdogo wangu, mtoto wa siku tatu, huko ng'ambo Mokowe, na tangu tuliporudi Amu, kisiwani Lamu, mama aligeukia ukuta. Baba, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara, alimpikia uji kila siku, na kila siku aliumwaga ukiwa haujaguswa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa na hasira. Sikujua kwamba huzuni nayo ni ugonjwa. Niliona ametususa tu.

Ndipo nikakumbuka sikukuu ya Lusia. Mama alilelewa katika bweni la misheni ya Kilutheri, mikononi mwa wauguzi wa Kiswidi, na kila tarehe kumi na tatu Desemba alituamsha alfajiri kwa kahawa na vimikate vya rangi ya manjano. Kwa desturi, binti mkubwa wa nyumba ndiye huvaa nguo nyeupe na taji la mishumaa, akawapelekea waliolala kahawa na mikate. Mama aliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa kuwa nilikuwa mdogo. Mwaka ule niliamua zamu ni yangu, na kwamba akiniona na taji kichwani hataweza kubaki amelala.

Tatizo ni kwamba sikujua kuoka. Mchana wa siku iliyotangulia nikamwendea Bi, mjane mwenye nyumba, aliyeishi chini yetu. Ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa amejilaza mkekani. Nikamweleza habari za msichana mtakatifu aliyewapelekea watu chakula gizani, mishumaa kichwani ili mikono ipate nafasi ya kubeba.

"Huyo ni wa daku," akasema, akainuka. "Ndoo, mwanangu. Nipe mai." Kwa Kiamu chake, "ndoo" ni njoo, na "mai" ni maji.

Alitia zafarani ya kweli, si bizari aliyotumia mama kule bara. Tulikanda, tukasubiri unga uumuke, tukaoka kwa makaa juu na chini. Harufu ilijaa ngazi nzima. Bi alikuwa amefunga, kwa hiyo hakuonja. Nami sikuonja, maana kwetu mkate wa Lusia hauliwi kabla ya alfajiri yake. Kisha akanisukia taji la ukindu na asumini, akachomeka mishumaa minne, akanipa kanzu nyeupe ya marehemu mumewe iliyokunjwa pindo mara tatu.

Alfajiri nilitoka kwa Bi, nikapanda ngazi nikiimba maneno niliyoyakumbuka, na pale niliposahau nikaguna. Baba alinifuata na ndoo ya maji, kwa kuwa hakuiamini mishumaa wala kichwa changu.

Mama aligeuka. Alinitazama muda mrefu, nami nilitamani kumrukia, lakini ungemrukiaje mtu na moto kichwani? Nikamsogezea sahani. Alichukua kimkate, akauma, akatafuna. Uso wake ukakunjamana.

"Nani ametia chumvi hii?"

Mimi nilitia chumvi. Bi naye, nilipokwenda kuchota maji, alitia. Na kila mmoja alidhani mwenzake ametia sukari.

Mama alimeza kwa taabu. Akautazama mkate ule mkononi kama fundi anayetazama ukuta uliopinda.

"Wageni wakija leo utawapa hiki?" akauliza. "Zafarani nzuri namna hii?"

Akashusha miguu chini. Alishika ukuta, kisha bega langu, na bega langu likapokea uzito ambao haukuwa mkubwa. Nilifurahi mno, na papo hapo niliudhika, maana nilitaka sifa. Tukaenda jikoni hatua kwa hatua. Alisimama mlangoni akaangaza macho huku na huku, jiko lake mwenyewe, hajui tena kitu kipo wapi.

"Unga mmeuweka wapi?" akauliza.

Ulikuwa mezani, mbele yake. Baba akaweka ndoo chini, akaingia stoo eti kuutafuta, na hakutoka upesi; nilimsikia akipenga kamasi.